Pai za Mjalidi Vitabu

Mtu huyu hajawahi kumaliza kikombe cha chai akiwa ameketi. Chai yake huanzia mezani, ikapoa dirishani, na mabaki yake hupatikana kesho yake juu ya kabati la viatu, yameota utando. Kazini walimwita Pirika, na jina likamfuata mpaka nyumbani, hata majirani wa ghorofa ya chini wakawa wanamwamkia "Shikamoo, Mzee Pirika" bila kujua kwamba ana jina jingine. Kwa miaka thelathini na minane alijalidi vitabu katika kiwanda cha uchapaji. Alikunja karatasi, akazishona, akazipaka gundi, akazivika majalada. Mikono ilipata kazi ya kutosha, miguu ikapata ukumbi mrefu wa kwenda na kurudi, na hakuna aliyedhurika.

Kisha akastaafu. Aliyedhurika ni mkewe.

Wiki ya kwanza alikaza bawaba za milango yote. Wiki ya pili alipaka rangi choo. Wiki ya tatu, milango ikiwa imekazwa na choo kimepakwa, akaingia jikoni. Mtu mwenye akili zake angesimama kwanza mlangoni akabisha hodi, lakini huyu aliingia kama mkaguzi aliyetumwa na makao makuu. Alimwaga makopo yote, akayaosha, akayabandika vibandiko alivyoviandika kwa mwandiko wake mzuri wa majalada, akayapanga kwa alfabeti. Chumvi, iliyokuwa imekaa mahali pake tangu watoto hawajazaliwa, ikapanda rafu ya juu kabisa pamoja na binzari, kwa kosa la kuanza na herufi C. Sukari ikashuka karibu na sakafu.

"Baba watoto," mkewe alisema, "kimo changu unakijua."

"Utazoea," akajibu, tena kwa upole, kama mtu anayemfariji mgonjwa.

Mama wa watu hakuzoea. Akawa anapanda kigoda kufuata chumvi na kuinama kufuata sukari, na akigeuka anamkuta mumewe nyuma yake akiuliza kwa nini kitunguu kinakatwa kuanzia huku na si kule, kwa nini maji ya chai ni mengi hivyo, kwa nini sufuria tano zina vifuniko vinne. Wiki ya kumi alifungasha nguo kwenye begi.

"Naenda kwa binti yetu."

"Siku ngapi?"

"Sijui."

"Mama watoto, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu," alisema, akavuta zipu. "Umenichosha."

Zikapita wiki tatu. Mzee alifua mapazia, akayaanika, akayafua tena. Ijumaa jioni binti akapiga simu. Mama yake angepita kesho saa tisa mchana kuchukua koti lake zito na cherehani. Mzee alisikia vizuri neno koti. Neno la pili lilimfanya asimame katikati ya chumba, na kwa mtu kama yeye kusimama ni jambo kubwa. Mwanamke anayerudi kufuata koti huenda anaona baridi tu. Anayefuata cherehani amehama.

Usiku ule alifikiri kila kitu ambacho mtu anaweza kumwambia mkewe, akaona hana hata kimoja asichokisema vibaya. Asubuhi akaamua kupika.

Kila Jumamosi ya ndoa yao mkewe alikuwa akioka pai za nyama, zile ndogo za pembe tatu, za unga wa matabaka unaopasukapasuka mdomoni na kuacha makombo hadi kwenye ndevu. Alijifunza akiwa msichana, katika jiko la bweni la wauguzi alikoajiriwa. Mzee alikuwa akiamka saa nne, anakuta trei mezani, anachukua pai mbili mkononi na moja anaifunga kwenye karatasi kwa ajili ya mfukoni, anaondoka zake kwenda kutazama mpira. Kwa hesabu yake ilikuwa kazi ya saa moja. Akampigia binti.

"Baba, wewe?" binti alisema. "Wewe ndiye unataka kuoka?"

"Niambie tu. Mama yako yuko wapi?"

"Anaoga."

"Basi sema upesi, na usimwambie."

Binti alicheka kwanza, maana hata yeye ni binadamu, kisha akamweleza. Unakanda unga kwa maji baridi na chumvi, unausukuma. Siagi unaiponda iwe kama kigae bapa, unaiweka katikati, unaifunika na unga pande zote. Unasukuma iwe ndefu, unakunja mara tatu kama barua. Unaweka kwenye friji ipumzike nusu saa. Unatoa, unasukuma, unakunja, unarudisha. Hivyo mara sita.

"Kukunja?" mzee alisema, na kwa mara ya kwanza katika wiki tatu sauti yake ikapata uhai. "Mwanangu, unanifundisha mimi kukunja?"

"Shida yako haitakuwa kukunja, Baba. Itakuwa kupumzisha."

"Haya, haya," akakata simu.

Saa mbili asubuhi alikuwa ameshafunga aproni ya mkewe, ambayo haikumfika mgongoni ikabidi aiongeze kamba. Kabla ya kuanza alitaka jiko lirudi lilivyokuwa, mkewe akiingia asikute alfabeti. Akabandua vibandiko vyote. Akashika kopo la chumvi, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akagundua hajui lilikuwa linakaa wapi.

Alisimama na kopo lile kama mgeni aliyepewa mtoto wa watu amshike. Chumvi hiyo ameila miaka thelathini na minane. Aliweza kukumbuka rafu ya kila rangi ya ngozi ya majalada kiwandani, droo ya kila uzi, lakini ndani ya nyumba yake mwenyewe hakuwahi kutazama mkono wa mkewe ulikuwa unakwenda wapi. Ikabidi apige simu tena.

"Kushoto kwa jiko, Baba," binti alisema, safari hii bila kucheka. "Pale mkono unapofika bila kuangalia."

Akaiweka pale. Mkono ukafika bila kuangalia.

Kukanda kulikwenda vizuri, na kukunja kulikwenda vizuri mno. Alisukuma unga ukawa mstatili uliosimama pembe sawasawa, angeweza kuuwekea rula, na kwa kweli aliuwekea. Siagi ikalala katikati. Akakunja theluthi ya chini, akakunja theluthi ya juu, akapitisha ukucha kwenye mkunjo kama alivyokuwa akipitisha kiwandani kile kipande cha mfupa cha kunyooshea mikunjo ya karatasi. Kingo zilikutana bila kupishana hata unywele. Aliona fahari. Akafunika kwa kitambaa, akatia ndani ya friji, akatazama saa ya ukutani.

Nusu saa. Mtu angedhani ni nusu mwaka. Aliosha bakuli, akalikausha, akaliosha tena. Alishuka ngazi hadi chini kuangalia kama kuna barua, akakumbuka kwamba barua haziji Jumamosi, akapanda. Akafungua friji. Donge lilikuwa pale pale. Akafunga. Akakata vitunguu, akakaanga nyama ya kusaga, akatia pilipili manga, akafungua friji. Safari hii akaona ukingo mmoja umevimba kidogo, umepoteza ule unyoofu wake, na hilo hakuweza kulivumilia.

Kiwandani hakuna kitu kinachoachwa kipumzike hivi hivi. Kitabu kikishapakwa gundi kinalazwa chini ya kibano cha chuma mpaka kesho yake, ndipo kinatoka kimenyooka. Ukikiacha huru kinajikunja kama jani kavu. Hayo ndiyo aliyoyajua tangu ujana wake, na mzoea kazi haachi mwendo wake. Alichukua ubao wa kukatia nyama, akaulaza juu ya donge, na juu ya ubao akasimamisha madumu mawili ya maji, la lita tano kila moja. Friji ikanung'unika. Yeye akapumua.

Alipotoa donge lilikuwa bapa, safi, limetii. Pembeni palikuwa na siagi imechungulia. Hata hilo lilimfurahisha, kwa sababu gundi ikitokeza pembeni ni dalili imeenea ndani. Akaifuta kwa kitambaa, kama inavyofutwa gundi, akasukuma, akakunja, akarudisha chini ya madumu. Mara ya tatu akafuta zaidi. Mara ya nne kitambaa kililowa kikawa kinateleza.

Ilikuwa saa sita wakati huo, na hapo ndipo hesabu ilipomjia yenyewe bila kuitwa. Mikunjo sita, nusu saa kila mmoja, bado kukanda, bado nyama, bado oveni, na trei ilikuwa mezani saa nne kamili asubuhi kila Jumamosi ya Mungu. Mkewe alikuwa akiamka saa ngapi? Alikumbuka kitanda kuwa baridi upande wa pili. Siku zote alidhani ni mwanamke asiyependa usingizi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, wanasema, na yeye alikuwa amelala kwenye hicho hicho kitanda. Aliona haya, haya kabisa, peke yake, na unga hadi kwenye viwiko. Akatamani amwambie mtu. Akafungua friji.

Baada ya mkunjo wa sita alikata pembe, akajaza nyama iliyokuwa bado na uvuguvugu kwa sababu alichoka kuipepea na kifuniko cha sufuria, akabana kingo kwa nguvu zake zote kana kwamba ni kitabu kisifunguke, akazipaka yai, akatia trei kwenye oveni. Dakika ya tano akafungua kuangalia. Dakika ya nane akafungua. Dakika ya kumi na mbili moshi ulitoka wenyewe, ukamwokolea kazi ya kufungua. Siagi iliyobaki ilikuwa imetiririka yote kwenye trei na sasa ilikuwa inakaanga pai kwa chini, na juu zilikuwa zimelala bapa, ngumu, zinang'aa. Hakuna hata moja iliyoinuka. Alikuwa ametengeneza majalada kumi na nane.

"Hodi."

Alikuwa na ufunguo wake mwenyewe, lakini alibisha hodi. Jambo hilo lilimuuma mzee kuliko moshi.

"Karibu," akasema. "Karibu mama, pita."

Mkewe alipita na mkoba begani. "Kuna nini kinaungua?"

Hakungoja jibu. Aliingia jikoni, akafungua dirisha, akazima oveni, yote hayo kwa mkono mmoja, kisha akaona trei. Akaangalia trei, akaangalia aproni yenye kamba ya nyongeza, akaangalia chumvi kushoto kwa jiko. Akachukua pai moja, akaigonga mezani. Ikalia ko. Akaiuma. Alitafuna muda mrefu sana.

"Siagi iko wapi?"

"Imo ndani. Nimetia yote."

"Haimo." Akafungua friji kutafuta ushahidi, akakutana na ubao na madumu mawili. "Baba watoto, hiki nini?"

"Nilikuwa nalipumzisha."

"Kwa maji lita kumi?"

"Si ili lisijikunje? Kitabu ukikiacha..."

Hakumaliza. Mkewe alikuwa ameanza kucheka. Alicheka akashika meza, akacheka akavuta kigoda akakaa, na mzee naye akacheka, kwa hofu kwanza, kisha kwa raha, maana kicheko hicho alikuwa hajakisikia toka astaafu. Halafu akaona mabega ya mkewe yanatikisika kwa namna nyingine. Mama alikuwa analia.

"Mimi ndiye hilo donge," alisema.

"Mama watoto..."

"Ngoja niseme, usisogeze kitu. Weka hicho kijiko chini." Mzee akaweka kijiko. "Unajua zile nusu saa nilikuwa nafanya nini?"

"Unaosha vyombo?"

"Sifanyi kitu. Nakaa kwenye kiti changu pale dirishani. Watu wamelala, hakuna anayeniita, naangalia barabara. Mara sita. Miaka yote hiyo, hizo ndizo saa zangu, na wiki nzima nilikuwa nazisubiri. Ukishaenda kazini nilikuwa nazipata nyingine. Toka umestaafu sijapata hata moja. Nikikaa unaniuliza naumwa wapi."

Mzee alitafuta mahali pa kuweka mikono. "Mimi nikikaa," alisema taratibu, "naona kama nimeshakufa, ila hawajaja kunizika tu. Naogopa. Sikukwambia."

"Hukuniambia."

"Naona haya. Mtu mzima."

Mkewe alijifuta macho kwa upande wa kiganja. Aliinuka, akanawa mikono, akavuta kopo la unga. Koti jepesi alilokuja nalo hakulivua. Alikanda bila kupima, akasukuma kwa mikono miepesi kama anayemlaza mtoto, akakunja mara ya kwanza. Kingo hazikukutana sawasawa. Mzee aliliona hilo, akatazama dari. Donge likaingia kwenye friji na kitambaa tu juu yake.

"Haya," mkewe alisema. "Toka nje."

"Niende wapi?"

"Sijui. Mji wote huo. Nusu saa."

Akatoka. Barabarani fundi wa funguo alikuwa anasaga ufunguo, na mzee akasimama kumtazama hadi fundi akamuuliza kama kuna shida. Kwenye duka la dawa aliingia, akakumbuka haumwi, akatoka. Mbele ya saluni wanawake wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi wanasubiri zamu, hawaongei, hawafanyi lolote, nyuso zimetulia, naye akawaonea wivu kama watu waliopata urithi. Alizunguka mtaa mmoja mara nne. Ilikuwa nusu saa ndefu kuliko zote za siku hiyo, na dakika ya thelathini ilipotimia alikuwa tayari na ufunguo mlangoni.

Alifungua polepole. Cherehani ilikuwa imeshaletwa hadi mlangoni, imefunikwa na kufungwa kamba. Mkewe alikuwa kwenye kiti cha dirishani, amelala. Viatu amevivua, miguu ameiweka juu ya kigoda, mdomo umeachama kidogo, mkono mmoja umening'inia.

Muda ulikuwa umeisha. Donge lilitaka kusukumwa. Bomba la jikoni lilikuwa linadondosha tone moja moja, na mkono wa mzee ulishajua spana iko wapi. Kulikuwa na kamba ya cherehani pia, ambayo mtu angeweza kuifungua, akairudisha mashine mahali pake, na mwenyewe akiamka akute mambo yamekwisha. Alilifikiria hilo. Mwili mzima ulimwasha. Halafu akarudi kinyumenyume, akavuta mlango hadi ulipogusa tu bila kulia, akaketi kwenye ngazi.

Simu ikatetemeka mfukoni. Alikuwa binti.

"Baba, nije kumchukua mama saa kumi na nusu?"

"Amelala," akanong'ona.

"Amelala? Kwangu hajalala mchana hata siku moja. Kitu kidogo tu anashtuka. Basi mwamshe, njia itajaa magari."

"Simwamshi."

"Sasa nije saa ngapi?"

"Sijui. Mwenyewe atasema."

"Baba, uko wapi? Mbona unanong'ona?"

"Nimekaa," mzee alisema.

Jirani wa chini alipita na kapu lake, akamwamkia, akamuuliza kama amefungiwa nje. Akasema hapana. Goti lake lilikuwa linapiga ngoma lenyewe, akalishika kwa mikono miwili. Alihesabu vigae vya ngazi, akavimaliza, akaanza upya kutoka juu. Saa kumi na nusu ikapita. Mwanga kwenye dirisha la ngazi ukasogea kutoka ukuta mmoja hadi mwingine na yeye akiuangalia, na mara mbili aliinuka, na mara mbili akaketi tena.

Ilikuwa karibu saa kumi na mbili mlango ulipofunguka. Mkewe alisimama pale peku, shavu moja limepigwa mistari na kitambaa cha kiti.

"Umekaa hapo toka saa ngapi?"

"Toka ulipolala."

Alimtazama mumewe kwa muda, mtu mzima amekumbatia goti lake kama mwizi aliyekamatwa. "Donge limekaa kwenye friji saa mbili nzima," alisema.

"Nimeliharibu?"

"Halijaharibika." Akajiegemeza kwenye mlango. "Mpigie mtoto. Mwambie asije leo."

Mzee alikuwa ameshatoa simu. "Na kesho?"

"Wewe bwana! Mimi nimesema leo."

Mzee akasogea upande mmoja wa ngazi, na mkewe, baada ya kufikiri kidogo, akashuka vidato viwili akakaa karibu naye.